Je, wajua kwa nini Postfix, programu ya seva inayotuma barua pepe, hushindwa kupata anwani ambayo kompyuta yenyewe inaipata?

Swali hili nililijibu vibaya siku mbili mfululizo. Ofisi moja hapa Dodoma, maeneo ya Area C, ilibadilisha ruta, nami kwenye seva yao ya Debian 12 nikaandika anwani mpya ya DNS (huduma inayogeuza majina ya seva kuwa anwani za namba) katika faili `/etc/resolv.conf`. Ping, jaribio la kuita seva nyingine, ikajibu. Lakini `postqueue -p` ilionyesha barua zimejipanga foleni, kila moja ikidai seva ya mpokeaji haijulikani. Nikalaumu intaneti. Kilichonivuruga zaidi ni seva ya pili, ya AlmaLinux (aina nyingine ya Linux, kama Debian ilivyo aina yake): mtandao ule ule, Postfix ile ile, na barua zinatoka bila shida.

Niliamini kwamba ninachokiona mimi kwenye kompyuta, programu nayo inakiona. Si lazima iwe hivyo.

Postfix, iliyoandikwa na Wietse Venema akiwa IBM na kutolewa mwaka 1998, ni kundi la programu ndogondogo. Kwenye Debian 12, nyingi kati yake hufungiwa ndani ya `/var/spool/postfix`, kwa utaratibu uitwao chroot.

Chukua tembe la Wagogo lenye chumba cha ndani kisicho na dirisha. Karani amefungiwa humo, naye anajua hiyo ndiyo nyumba nzima. Namba za majirani zimebandikwa sebuleni. Yeye alipewa nakala asubuhi alipoingia. Mchana ukibadilisha namba sebuleni, wewe ukipiga simu inaita, yeye anapiga namba iliyokufa. Na hawezi kutoka kuhakikisha, maana kwake sebule haipo. Faida yake ni kwamba mwizi akimteka karani, naye anaishia chumbani humo.

Nakala hiyo ipo kweli: `/var/spool/postfix/etc/resolv.conf`. Debian huinakili huduma inapoanza, kwa hiyo `systemctl restart postfix` ilitosha, kisha `postqueue -f` kusukuma foleni. AlmaLinux haiwafungii makarani wake. Huwalinda kwa SELinux, mfumo wa sheria zinazoipangia kila programu inachoruhusiwa kugusa. (Tofauti nyingine ni nyepesi: Debian huiwasha Postfix mara tu ukiisakinisha, AlmaLinux hungoja `systemctl enable --now postfix`.)

Si kila foleni ina chanzo hiki. Mlango 25 (port), ambao seva hupitishia barua pepe, ukizibwa, barua hukwama pia, ila hapo lalamiko ni la muunganisho, jina limeshapatikana. Likiwa la jina, linganisha faili hizo mbili kwa `diff`. Zangu zilitofautiana mstari mmoja: anwani ya ruta ya zamani.