Je, wajua kwa nini picha ya mwaka 1869 ilipigwa upya mwaka 2014?

Tarehe 10 Mei 1869, huko Promontory Summit, Utah, reli iliyotoka mashariki mwa Marekani ilikutana na ile iliyotoka magharibi. Mpiga picha Andrew J. Russell aliinasa shangwe ya siku hiyo: vichwa viwili vya treni vimetazamana, wanaume wamejazana juu na chini, mikono inapeanwa, chupa zimeinuliwa.

Miaka mingi baadaye, mvulana wa Queens, New York, aliikuta picha hiyo kwenye kitabu cha shule. Aliitwa Corky Lee, mtoto wa wahamiaji kutoka China. Baba yake alikuwa dobi, mama yake mshonaji. Alijua kuwa Wachina ndio waliomenyeka kwenye reli ile, basi akachukua kioo cha kukuzia na kupekua uso mmoja baada ya mwingine. Hakumwona Mchina hata mmoja.

Na kumenyeka ni neno dogo. Kampuni ya Central Pacific, iliyojenga upande wa magharibi wa reli hiyo, iliajiri Wachina wanaokadiriwa kuwa kati ya 10,000 na 20,000. Walitoboa milima ya Sierra Nevada kwa sururu na baruti, kwa ujira mdogo kuliko wa wazungu. Mwaka 1867 maelfu yao waligoma. Kampuni ikawakatia chakula mpaka wakarudi kazini. Kisha mwaka 1882, reli ikiwa inaingiza fedha, Marekani ikapitisha sheria ya kuwafungia mlango vibarua wa Kichina. Asante ya punda, kama tusemavyo.

Lee alijifundisha upigaji picha mwenyewe, mwanzoni kwa kamera za kuazima, akawa haukosi mkutano wala maandamano ya Wamarekani wenye asili ya Asia. Mwaka 1975 picha yake ya mwanamume anayevuja damu mikononi mwa polisi ilitoka ukurasa wa mbele wa New York Post. Baada ya mashambulizi ya Septemba 2001, alimpiga picha Kalasinga aliyejifunika bendera ya Marekani, wakati ambapo kilemba tu kilitosha kumtia mtu mashakani.

Lakini ile picha ya kitabuni haikumtoka. Mwaka 2014, reli ilipotimiza miaka 145, aliwakusanya wajukuu na vitukuu vya wale vibarua, pamoja na Waasia wengine, akawapanga palepale Promontory mbele ya vichwa vya treni. Kazi hiyo aliiita kutenda haki kwa picha. Mwaka 2019, kwenye miaka 150, alikuwepo tena na kamera yake. UVIKO-19 ilimchukua Januari 2021, akiwa na miaka 73.