Idi ni Lini, Ustadh?

Kila mwaka, Ramadhani ikiingia kumi la mwisho, mwalimu mkuu wa shule ninayofundisha hunikamata kwenye varanda na swali lile lile: "Ustadh, Idi ni lini? Nataka kupanga mitihani." Nami humjibu vile vile: "Jumatatu au Jumanne, mkuu. Tusubiri mwezi." Hucheka, lakini najua moyoni anashangaa. Dini ya watu zaidi ya bilioni moja, na sikukuu yake haina tarehe?

Tarehe inayo. Ni mwezi 1 Shawwal, mwezi ambao wazee wa pwani huuita Mfunguo Mosi. Kinachokosekana ni uhakika wa mwezi huo utaandama usiku gani. Mwezi wa Kiislamu una siku 29 au 30, na jibu hupatikana jioni ya siku ya 29, watu wakiangalia magharibi baada ya jua kuzama. Ukionekana, kesho ni Idi. Usipoonekana, tunakamilisha 30.

Mimi ni mtu wa Bombo, mji wa Uganda, nimekulia kwenye Kinubi (lugha ya Wanubi wa hapa) na Kiswahili. Siku za kazi nafundisha somo la dini, Jumamosi nakaa na watu waliosilimu karibuni. Zamani nilianza nao kwa hesabu: nguzo tano za Uislamu, nguzo sita za imani. Walikariri vizuri, kama mtoto anavyokariri wilaya za Uganda (na wilaya zenyewe haziishi kuongezeka), lakini wiki mbili baadaye hawakujua wafanye nini asubuhi. Siku hizi nawatoa nje kwanza, tunatazama juu. Sala hufuata jua. Saumu na hija hufuata mwezi. Ukishika hilo, mengi hujipanga yenyewe.

Mtu asidhani basi kwamba tunaabudu vya angani. Tarehe 3 Novemba 2013 jua lilipatwa, likafunikwa kabisa kule Pakwach, kaskazini magharibi mwa Uganda. Sisi Bombo tuliona limebaki kipande tu, mwanga ukawa wa ajabu, kuku wakaanza kutafuta pa kulala. Jirani yangu, mama mmoja Mkristo, alinijia mbio: "Ustadh, nani kafa?" Nikamsimulia kisa cha Madina. Mtume Muhammad alifiwa na mwanawe mdogo, Ibrahim, na siku hiyo hiyo jua likapatwa. Watu wakasema limepatwa kwa msiba wa Mtume. Angetaka sifa, angenyamaza tu. Badala yake aliwaambia kwamba jua na mwezi ni ishara mbili za Mwenyezi Mungu, hazipatwi kwa kifo cha mtu wala kwa uhai wake, na mkiona hivyo salini.

Kisa hicho ndicho shahada nzima, ile kauli ya kuingilia Uislamu. Nusu ya kwanza: hapana mola apasaye kuabudiwa ila Allah. Si jua, si kaburi la sheikh, si nabii. Nusu ya pili: Muhammad ni mtume wake, yaani mjumbe. Alizaliwa Makka mnamo 570, akaanza kushushiwa Kurani akiwa na umri wa miaka 40 hivi, akahamia Madina 622, na mwaka wa hijria unahesabiwa kuanzia hapo. Alifariki 632. Ni mwanadamu, alifiwa na watoto kama sisi. Mambo mengine ya kuamini yanafuata humo: malaika, vitabu, mitume wote, siku ya Kiyama, na kudra, heri yake na shari yake. Waliotoka kanisani huniuliza mara moja habari za Yesu. Isa bin Maryamu tunamwamini, amezaliwa na bikira, ni katika mitume wakubwa, na sura ya 19 ya Kurani ina jina la mama yake. Tunachokataa ni kumwita mwana wa Mungu. Hapo ndipo tunapoachana na majirani zetu, na sioni faida ya kuficha.

Turudi kwenye jua. Sala za faradhi ni tano, rakaa 17 kwa siku: alfajiri 2, adhuhuri 4, alasiri 4, magharibi 3, isha 4. Uganda imekatwa na ikweta, kwa hiyo sisi tuna raha ambayo Mwislamu wa London haijui. Hapa Kampala alfajiri huingia kati ya saa 11 na robo na saa 12 kasoro robo, mwaka mzima. Magharibi ni kati ya saa 12 na nusu na saa 1 na dakika chache. Kule London magharibi ya Desemba huingia saa 10 alasiri, na ya Juni saa 3 usiku. Mwanafunzi wangu mmoja wa bodaboda hana haja ya programu ya simu: anajua adhuhuri imeingia kivuli cha pikipiki kikishaanza kugeuka.

Huyo wa bodaboda ndiye aliyenifundisha kufundisha udhu. Nilikuwa nimemwekea birika dogo la plastiki, akalitazama: "Sheikh, haya maji yatatosha kweli? Mimi nina vumbi la barabara nzima." Nikamwambia Mtume alitawadha kwa mudi moja, kama kibaba cha Waswahili. Akatia nia, akasema bismillahi, akaosha viganja, akasukutua, akavuta maji puani, akaosha uso. Mikono mpaka viwiko, maji yakaanza kuwa mekundu kwa vumbi la murram. Akapaka kichwa, akapitisha vidole masikioni, akamaliza na miguu mpaka kwenye vifundo. Birika lilibaki na maji kidogo. Alilitikisa karibu na sikio, kama mtu asiyeamini.

Kisha kibla, upande wa kuelekea katika sala. Wageni wengi hudhani tunaelekea mashariki, labda kwa sababu wamesikia "Mashariki ya Kati". Ukiwa Kampala, Makka iko kaskazini, ukiegemea mashariki kwa nyuzi 18 tu. Majengo hayakujengwa kwa nyuzi hizo, ndiyo maana katika chumba tunachopanga sokoni kwa ajili ya sala, mikeka imekaa mshazari na pembeni pamebaki pembetatu tupu tunamoweka viatu. Jambo dogo? Katika historia yetu watu walikufa nalo. Uislamu ulifika Buganda zamani za Kabaka (mfalme) Suna, mnamo 1844, na mwanawe Mutesa I akafunga Ramadhani kuanzia 1867. Lakini vijana wa ikulu walipofundishwa zaidi, wakaanza kulalamika: msikiti wa Kabaka haukuelekezwa kibla sawasawa, Kabaka hajatahiriwa na ndiye imamu, nyama ya ikulu inachinjwa na wasiotahiriwa. Walikataa kuila. Mwaka 1876 wengi wao walichomwa moto Namugongo, miaka kumi kabla ya mashahidi wa Kikristo wanaojulikana dunia nzima.

Tuna ubishi wetu pia usioua mtu. Katika miaka ya 1920 Waislamu wa Buganda waligawanyika juu ya swali hili: ukishasali Ijumaa msikitini, usali tena adhuhuri? Waliosema ndiyo wakaitwa watu wa Zukuli, na hilo "zukuli" ni "dhuhuri" iliyopita kwenye ulimi wa Kiganda.

Sasa mwezi. Mwaka wetu una siku 354 au 355, pungufu ya mwaka wa kalenda ya ukutani kwa siku 11 hivi. Kwa hiyo Ramadhani hurudi nyuma kidogo kila mwaka na kuzunguka majira yote kwa miaka 33 hivi. Mwaka 2030 itaingia mara mbili, mwanzoni mwa Januari na tena mwishoni mwa Desemba. (Mwalimu mkuu bado sijamwambia.) Nchi za mbali, Ramadhani ikiangukia kiangazi chao watu hufunga zaidi ya saa 17. Sisi ni saa 13 na dakika 20 hivi, iwe Januari au Julai. Kinachobadilika kwetu ni mvua: Ramadhani ya mvua za Machi koo halikauki, ila mkulima anashika jembe na njaa yake. Mgonjwa na msafiri wameruhusiwa kula na kulipa siku nyingine. Kuna watu huona aibu kuitumia ruhusa hiyo, nami huwaambia aliyetoa amri ndiye aliyetoa ruhusa.

Zaka ndiyo inayochanganya watu, kwa sababu ina kalenda mbili. Pesa iliyofika thamani ya gramu 85 za dhahabu na ikakaa mwaka mzima wa mwezi mwandamo, hutolewa asilimia 2.5, yaani shilingi elfu 25 kwa kila milioni. Mifugo nayo husubiri mwaka: mbuzi 40 hutoa mbuzi mmoja, ng'ombe 30 hutoa ndama wa mwaka mmoja. Mazao hayasubiri. Kurani inasema haki yake itolewe siku ya kuvunwa. Mkulima wa mahindi wa Masindi anayevuna mara mbili kwa mwaka hutoa mara mbili, kila mavuno yakifika kilo 650 hivi: sehemu moja ya kumi kama yamenyweshwa na mvua, nusu ya hapo kama amegharamia kumwagilia. Na matoke, ndizi za kupika? Kwa madhehebu yetu ya Shafii hayamo, kwa kuwa hayawekwi ghalani. Mahanafi, watu wa madhehebu ya Hanafi, wanahesabu hata ndizi. Wanafunzi wenye mashamba ya migomba huwa Mashafii wakubwa siku ya somo hilo.

Hija naipitia haraka, sijajaliwa kwenda. Ni mara moja katika umri kwa mwenye uwezo, na kilele chake ni kusimama Arafa mwezi 9 Dhulhija. Sisi tuliobaki nyumbani hufunga siku hiyo, na kesho yake ni Idi ya kuchinja.

Kwa Idi hii mwalimu mkuu hanikamati kwenye varanda. Mwezi ukishaandama, Idi ni siku ya kumi, kwa hiyo mimi ndiye ninayemfuata ofisini, siku tisa kabla, na tarehe nimeiandika kwenye karatasi.