Je, wajua kwa nini namba ndogo kwenye mlinganyo wa kemia haiguswi?

Gesi ya Mnazi Bay, Mtwara, iligunduliwa mwaka 1982, na sehemu yake kubwa kabisa ni methani. Ukiiwasha, inakula oksijeni ya hewani na kutoa kaboni dioksaidi na mvuke wa maji. Mwanafunzi wa sekondari huyaandika hayo kwa mstari mmoja:

CH₄ + O₂ → CO₂ + H₂O

Walioingia ni hao, waliotoka ni hao, ila hesabu haijakaa. Hidrojeni (H) ziko nne kushoto, kulia mbili. Oksijeni (O) ziko mbili kushoto, kulia tatu. Zile hidrojeni mbili zimekwenda wapi, na hiyo oksijeni ya tatu kaileta nani? Moto hauumbi atomu wala hauziangamizi. Unazitenganisha na kuziunganisha upya, basi. Mfaransa Antoine Lavoisier, aliyekuwa akipima vitu kwenye mizani kabla na baada ya kuungua, aliieleza kanuni hiyo katika kitabu chake cha mwaka 1789.

Kwa hiyo kubalansi, yaani kusawazisha pande mbili za mlinganyo, ni kuhesabu tu. Anza na elementi iliyokaa mahali pamoja kila upande. Oksijeni, ambayo hapa kulia imegawanyika kwenye vitu viwili, iache mwisho. Kaboni (C) ni moja kushoto, moja kulia, imetulia. Hidrojeni ni nne kushoto, basi kulia zinatakiwa molekuli mbili za maji: andika 2H₂O. Sasa hesabu oksijeni za kulia, mbili za CO₂ na mbili za maji, jumla nne. Kushoto weka 2O₂.

CH₄ + 2O₂ → CO₂ + 2H₂O

Penye haraka ndipo wengi wanapoharibu: wakiona oksijeni imepungua, wanabadilisha ile namba ndogo ya chini. Ukiongeza oksijeni moja kwenye H₂O unapata H₂O₂, hidrojeni peroksaidi, dawa ya kusafishia vidonda; jaribu kuinywa uone. Ukiipunguza CO₂ unabaki na CO, gesi isiyo na harufu inayoua watu waliolala na jiko la mkaa chumbani, madirisha yamefungwa. Namba ndogo ndiyo inayosema kitu hiki ni nini. Ile kubwa ya mbele inasema viko vingapi, na hiyo ndiyo pekee unayoruhusiwa kuichezea.

Na yale maji si ya kwenye daftari tu. Teleka sufuria ya maji baridi kwenye jiko la gesi, kisha chungulia ubavu wake wa nje mara tu baada ya kuwasha. Utaona ukungu, pengine na vitone, vinavyokauka sufuria ikishapata moto. Kuna wanaodhani sufuria inavuja, kumbe ni maji ya gesi inayoungua. Kwa methani, gramu 16 zinahitaji gramu 64 za oksijeni, na hutoka gramu 44 za kaboni dioksaidi na gramu 36 za maji: 80 kwa 80. Maji yanayotoka yanazidi mara mbili ya uzito wa gesi yenyewe!

Milinganyo mingine haina kazi. Mawe ya chokaa yanayochomwa kwenye kiwanda cha saruji cha Dangote, Mtwara, ni CaCO₃ → CaO + CO₂, umeshajibalansi. Katika kilo 100 za mawe safi ya chokaa, kilo 44 zinapaa hewani.

Ila mtungi unaonunua dukani Masasi au Lindi mjini hauna gesi ya Mnazi Bay. Ndani yake mna propani na butani zilizokuja kwa meli, na butani ina kero yake. Molekuli moja ya C₄H₁₀ hutoa 4CO₂ na 5H₂O, yaani oksijeni 13, wakati oksijeni ya hewani huja mbilimbili. Ungehitaji O₂ sita na nusu. Andika hiyo nusu bila woga, kisha zidisha kila kitu kwa 2:

2C₄H₁₀ + 13O₂ → 8CO₂ + 10H₂O

Oksijeni 26 huku, 26 kule.