Sio hewa, ni maji: Desemba ya mwanagenzi wa ufinyanzi Mashiko

Nimetumiwa tena ile video ya chombo kinacholipuka kwenye tanuru, vipande kila kona, na chini yake watu wamejazana na hukumu ileile ya siku zote: udongo haukukandwa vizuri, kulikuwa na hewa ndani. Jamani. Hewa haipasui chombo, maji ndiyo yanapasua. Ningeweza kuishia hapo nikarudi kusugua mbao za rafu, lakini ni mwisho wa Desemba, niko Mashiko huku Japani, baridi imeingia mpaka kwenye kucha, na kwenye karakana hii mwanagenzi ndiye anayekanda udongo, kwa hiyo kila mtu akisema hewa ananisema mimi.

Hesabu yenyewe haina uchawi. Maji yakifika nyuzi 100 yanageuka mvuke, na ule mvuke unataka nafasi zaidi ya mara 1,600 ya yale maji. Maji yakiwa katikati ya ukuta mnene na moto umepandishwa haraka, mvuke hauna muda wa kupenya kwenye vitundu vya udongo, unasukuma, ukuta unaachia, na hakiondoki kile chombo peke yake, kinaondoka na majirani zake wote kwenye rafu. Sasa chukua hewa ya kwenye kiputo. Ipashe kutoka nyuzi 20 mpaka 600, hata tuseme imefungiwa isitoke kabisa, presha inapanda kama mara 3 tu. Na wala haijafungiwa, maana udongo mkavu una vitundu kila mahali, hewa inatoka zake taratibu bila ugomvi na mtu. Halafu angalia saa: vyombo vinalipuka mapema, moto ukiwa bado mdogo, pale pale mvuke unapozaliwa. Ingekuwa hewa, si vingelipuka huko juu kwenye joto kali? Huko juu ndiko kimya.

Huamini, fanya mwenyewe. Tengeneza vidonge viwili vya udongo, vinene sawasawa, kimoja kitie viputo makusudi kisha kiache kikauke mpaka basi, kingine kikande vizuri uwezavyo halafu kitie kwenye moto kikiwa bado kibichi. Ukae mbali na hicho cha pili.

Simaanishi usikande, maana najua kuna atakayenisoma hivyo. Kiputo kwenye gurudumu ni kero, unavuta ukuta juu vidole vinagonga uvimbe, ukuta unayumba na mdomo unatoka upande. Na kukanda kunasambaza unyevu uwe sawa pande zote. Hapa Japani wanakanda kwa kuzungusha, mikunjo inajipanga kama petali za krisantemu, na ni kazi ya miaka kabla mtu hajaacha kukukunjia uso. Nakubali yote hayo. Ila tukande kwa sababu zake, sio kwa hii ya kubandika.

Sasa kinachonikera zaidi ni kwamba hii imani ya hewa inakuwa hatari hasa msimu huu. Kipimo cha haraka cha wafinyanzi ni kuweka chombo shavuni. Kikiwa na unyevu, maji yanayotoka juu yake yanakula joto, unasikia ubaridi, kikikauka kinakuwa cha kawaida. Safi sana mwezi wa saba. Mwezi wa kumi na mbili, kwenye karakana ambayo asubuhi maji ya ndoo yana ngozi ya barafu, kila kitu ni cha baridi, chombo kikavu baridi, kibichi baridi, shavu lenyewe baridi. Utapima nini na nini? Na upande huu wa Japani wakati wa baridi hewa ni kavu, jua linawaka vizuri tu, theluji nyingi inaangukia upande wa pili wa milima, kwa hiyo mdomo wa chombo unapauka haraka unakudanganya kabisa, huku kitako kilichokaa juu ya mbao kimeshikilia maji yake kimya. Udongo wa Mashiko una mchanga na chembe kubwa, vyombo vya hapa kwa asili ni vinene, na unene ndiyo mahali maji yanajificha. Bahati nzuri chembe hizohizo zinaupa mvuke njia ya kutokea, udongo laini wa kaure ungetuadhibu zaidi.

Mimi shavu nimeliacha, natumia mizani ya jikoni. Unapima chombo kizito kuliko vyote leo, unaandika kwa penseli kwenye mbao, unapima kesho. Uzito ukishuka, bado. Ukisimama, kimekauka kwa kadiri ya hewa ya chumba, na hapo sikiliza vizuri: kwa kadiri ya hewa ya chumba. Haimaanishi kikavu kabisa. Udongo ambao haujachomwa hata ukae rafuni miezi unabaki na unyevu kidogo uliouvuta hewani, haukuachii wote mpaka uupashe moto. Ndiyo maana tanuru la gesi tunaliacha na kichomeo kimoja kidogo usiku kucha, chini ya nyuzi 100, dohani wazi ili ule unyevu uondoke na sio kuzunguka humo ndani, na asubuhi ndiyo tunaanza kupanda kwa adabu. Wafinyanzi wanaochoma kwa moto wa wazi wa kuni na majani nao wanavizungusha vyombo pembeni ya moto kwanza vipate joto kabla ya kuvifunika, na hawakusubiri kipimajoto kuwafundisha.

Kwa nini basi hii hadithi ya hewa haifi? Nina maoni yangu, na yanatoka kwenye kalenda. Krismasi hapa ni siku ya kazi kama nyingine, tarehe 25 nilikuwa napunguza vitako vya bakuli huku simu inalia salamu za sikukuu. Sikukuu yao ni Mwaka Mpya. Kuanzia kama tarehe 29 mpaka Januari 3 karibu kila kitu kinafungwa, na kabla ya hapo kuna usafi mkubwa wa mwisho wa mwaka, gurudumu linaoshwa, madirisha, sakafu, mpaka mashina ya mabomba. Tanuru la mwisho lazima liwe limefunguliwa na vyombo vya wateja vimefungashwa. Kwa hiyo kila Desemba katika kila karakana kuna mtu anaangalia tarehe, anaangalia rafu, anasema "vimekauka hivi, pakia." Na huyo mtu sio mwanagenzi. Kikilipuka, ukisema ni maji umemlaumu aliyeharakisha moto, ukisema ni hewa umemlaumu aliyekanda. Chagua sasa nani atasema nini! Sisemi sensei wangu, yaani mwalimu wangu, ni mtu wa hivyo, yeye hasemi chochote, anaokota vipande tu, na kimya chake ni kibaya kuliko matusi.

Likizo yenyewe ingekuwa dawa, siku kadhaa hakuna mtu wa kuharakisha, vyombo vikauke vyenyewe. Shida ni barafu. Watu wakienda makwao hita ya mafuta ya taa inazimwa, usiku joto linashuka chini ya sifuri, na maji yakiganda yanaongezeka ukubwa kama asilimia 9. Chombo kibichi kilichoganda asubuhi kina michoro mizuri mno ya fuwele, kama urembo, kisha kinayeyuka na ngozi yake inabanduka vipandevipande, hakitengenezeki, unakirudisha kwenye pipa. Udongo wa mfuko ukiganda hauharibiki, unakuwa tu legelege na maji yamejitenga, unakandwa upya. Na nani atakanda? Basi anayebaki kwenye likizo ni yule asiye na kwao karibu, yaani mimi, na blanketi kuukuu, nailoni, hita, na tambi za mkesha wa tarehe 31 nilizoletewa na jirani. Vilivyo vibichi vinafunikwa na kusogezwa mbali na ukuta wa kaskazini, vilivyokauka vinaachwa vigande vikitaka, havina maji ya kutosha kujidhuru.

Kuna jambo moja vitabu vinalipitia haraka na mimi silali nalo vizuri. Ukiokota vipande vya chombo kilicholipuka mara nyingine unakuta kweli shimo la kiputo, na ufa umepita hapo hapo. Ukuta ni dhaifu pale palipo na shimo, kwa hiyo ukisukumwa na mvuke unaachia hapo. Je, bila kiputo ungestahimili? Kipande ukiwa nacho mkononi huwezi kumwapia mtu. Na vyombo vilivyofungwa pande zote, kengele, vinyago vyenye tumbo tupu, natoboa tundu kama wote, ila kwangu lile tundu ni la kutolea unyevu wa ndani, ambao hauna upepo wa kuukausha.

Sasa hivi mbele ya tanuru kuna sadaka za Mwaka Mpya, chumvi, sake (pombe ya mchele) na mochi (keki za mchele), kamba ya majani ya mpunga juu ya mlango, hairuhusiwi kuliwasha mpaka tarehe 4. Mitungi ile minene ya rafu ya chini bado inashuka uzito kila asubuhi. Nimeomba isubiri mchomo wa pili wa Januari, sensei kasema tutaona, na mimi nimeshaanza kutafuta nafasi za kuipakia.