Kulea yatima kwenye misheni: maneno ya mtaani Bagamoyo na ukweli wenyewe

Watu wengi wanadhani yatima ni mtoto asiye na mtu kabisa. Sio kweli jamani. UNICEF, shirika la watoto la Umoja wa Mataifa, wanamhesabu yatima ni mtoto aliyefiwa na mzazi mmoja au wote wawili, na kwa makadirio ya 2015 kati ya yatima kama milioni 140 duniani waliofiwa na wote wawili ni milioni 15 hivi, yaani wengi bado wana mama au baba, na huku kwetu hata aliyefiwa na wote utakuta ana bibi Kaole au mjomba Zinga. Ndo maana mlezi anayejua kazi yake likizo ikifika anampeleka mtoto kwa bibi yake hata kama bibi hana kitu, akawajue watu wa ukoo wake na makaburi ya wazee.

Halafu eti kituo kikubwa chenye vitanda vingi ndo huduma. Kuna utafiti wa Romania ulioanza 2000 na watoto 136 wa vituoni, ulionyesha waliohamishiwa kwenye familia za malezi walikua vizuri zaidi kiakili na kihisia kuliko waliobaki vituoni. Mtoto anataka mtu wake. Kuna mama mlezi mmoja hapa, wa kanisani, anajua nani hali bamia, nani anakojoa kitandani, nani akishtuka usiku anataka tu taa iwashwe, sasa hiyo utaiandika kwenye ripoti gani ya wafadhili? Kanisa likitaka kuanza, lisianze na matofali, liende kwanza ofisi ya ustawi wa jamii, maana Sheria ya Mtoto ya 2009 inatambua malezi ya kambo, yaani familia kumlea mtoto asiye wao, na kuasili.

Lingine linaloniuma, wanasema wamisionari walikusanya watoto na hakuna kilichobaki zaidi ya makumbusho. Mapadre wa Roho Mtakatifu walifika hapa 1868, wakapokea watoto waliokombolewa utumwani, na kweli watoto walilima shamba na nidhamu ilikuwa kali, tusifiche. Ila walikua, wakaoana, wakajenga Kijiji cha Uhuru, kijiji chao waliokombolewa, na misheni ya Mhonda huko bara, upande wa Morogoro, ilipoanza 1877 familia kutoka Bagamoyo zilikuwemo. Mtoto aliyenunuliwa kama mzigo akawa mzazi anayeanzisha kanisa bara, mimi hiyo naiita thawabu.

La mwisho wanalosema ni kwamba mtoto akifika miaka 18 kazi imeisha, na malipo ni yeye kurudi na gari. Thubutu! Hapo ndo anakuhitaji zaidi. Yule mama, kijana wake wa kwanza alipotaka kuoa hakuwa na wazee wa kumpelekea posa, ikabidi mama aombe wazee wa kanisa wawili wasimame upande wa kijana, wakabishana mahari mpaka jioni kama vile wamemzaa. Sasa hivi mke wake ndo anampigia mama simu kuuliza mtoto ana homa nimpe nini, nimlete kwako au niende zahanati kwanza.