Mashine ya Kukimbilia: Kuongeza Ugumu kwa Kipimo

Kila msimu wa Kilimanjaro Marathon unapokaribia, wakimbiaji ninaowafundisha hapa Moshi huniuliza kama mashine ya kukimbilia iliyoko jimu inaweza kuwajengea stamina ya kumaliza kilomita 21.1. Inaweza, kwa sharti kwamba ugumu uongezwe kwa mpangilio na kila wiki kiongezwe kitu kimoja tu: ama muda, ama mwinuko, ama kasi. Wengi hukimbilia kasi kwa sababu ndiyo namba anayoiona jirani. Mimi huiweka mwisho.

Muda ndio msingi. Kukimbia taratibu kwa muda mrefu huongeza mishipa midogo ya damu ndani ya misuli, na huifundisha misuli hiyo kutumia mafuta ya mwili badala ya kumaliza mapema akiba yake ya sukari. Kipimo chake ni mazungumzo: ukiweza kusema sentensi nzima bila kuhema, kasi hiyo inakufaa, hata kama mashine inaonyesha kilomita 8 kwa saa. Anayeanza na dakika 30 mara tatu kwa wiki aongeze dakika 5 kwenye zoezi lake refu kila wiki hadi afike dakika 60, na kila wiki ya nne apunguze ili mwili upumzike. Mifupa na kano hukomaa polepole kuliko moyo na mapafu, ndiyo maana mtu hujihisi ana nguvu tele, kisha ghafla akaanza kulalamikia maumivu ya ugoko.

Ndani ya jimu hakuna upepo unaokausha jasho, kwa hiyo mapigo ya moyo hupanda kadiri dakika zinavyosonga ingawa kasi haijabadilika. Washa feni, kunywa maji, na usione aibu kupunguza kasi.

Mwinuko ndio sehemu ninayoithamini kuliko zote, kwa sababu njia ya mbio zetu hupanda kuelekea Mweka na huko ndiko wengi huishia kutembea. Nawapa wanafunzi wangu zoezi hili: baada ya dakika 10 za kupasha misuli moto, wakimbie dakika 3 kwenye mwinuko wa asilimia 4 kwa kasi ileile ya mazungumzo, kisha dakika 2 tambarare, na kurudia mara tano. Wiki inayofuata wanarudia mara sita. Baadaye kipindi cha kupanda kinakuwa dakika 4, na mwinuko unafika asilimia 5 pale tu ambapo vipindi vyote vinamalizika bila mwili kuinama. Anayeshikilia vyuma vya mashine akiwa kwenye mwinuko mkali anajidanganya, maana sehemu ya uzito wake inabebwa na mikono. Heri ashushe mwinuko na kuachia. Ushauri wa kuweka asilimia 1 wakati wote, ili kufidia upinzani wa hewa ya nje, una maana zaidi kwa wenye kasi kubwa. Kwa anayekwenda kilomita 9 kwa saa tofauti hiyo ni ndogo mno.

Kasi huingia baada ya hapo, mara moja kwa wiki: vipindi viwili vya dakika 10 kwenye kasi inayokuruhusu kusema maneno machache tu, vikitenganishwa na dakika 3 za kujikokota, kisha vipindi vitatu, na hatimaye dakika 20 mfululizo.

Kitu ambacho mashine nyingi haziwezi kukufundisha ni kuteremka. Anayerudi kutoka Mweka hutua kwa misuli ya mapaja inayorefuka huku ikizuia uzito, na misuli isiyozoea kazi hiyo huuma siku kadhaa. Kwa hiyo zoezi moja la wiki lifanyike barabarani, kwa mteremko mfupi usio mkali mwanzoni, na mteremko mrefu wa mwisho ufanyike si chini ya siku 10 kabla ya mbio.