Kwa nini Kenya huwa na Jenerali mmoja tu, hata akiwa mwanamaji?

Gwaride la Jamhuri Dei linapopita jijini Nairobi, mabega yenye vyeo vizito ni mengi: mabrigedia, mameja jenerali, maluteni jenerali kadhaa. Jenerali kamili ni mmoja tu. Huyo ndiye Mkuu wa Majeshi, na makao yake yako Hurlingham.

Sababu ni kwamba cheo hicho hufuata kiti. Rais humteua mtu kuwa Mkuu wa Majeshi, naye hupandishwa kuwa Jenerali. Naibu wake hubaki Luteni Jenerali. Amiri Jeshi Mkuu ni Rais mwenyewe, lakini hilo ni jukumu la Katiba, si cheo cha kupandia kambini.

Wanamaji ndio huwachanganya watu. Katika nchi nyingi wangeitwa maadmirali. Kenya, vikosi vyote vitatu hutumia vyeo vya nchi kavu, hivyo mwanamaji wa kwanza kushika kiti hicho, Joseph Kibwana (2000 hadi 2005), alikuwa Jenerali Kibwana. Vivyo hivyo Samson Mwathethe, aliyeingia mwaka 2015 baada ya mwanahewa Julius Karangi.

Kiti chenyewe kimepitia mengi. Meja Jenerali Joseph Ndolo alijiuzulu mwaka 1971 jina lake lilipotajwa katika njama ya mapinduzi, na Mzee Kenyatta hakumteua mrithi. Nafasi ilikaa wazi hadi Moi alipoingia Ikulu na kumpa Jackson Mulinge, Mkenya wa kwanza kufika Jenerali kamili. Alifuata Mahamoud Mohamed mwaka 1986. Huyu alikuwa mtu wa nchi kavu, lakini baada ya jaribio la mapinduzi la Agosti 1982 alipelekwa kuwaongoza wanahewa, kwa kuwa uasi ulianzia kwao. Alidumu kileleni miaka 10. Kwangu mimi, aliyeacha alama kubwa zaidi ni mrithi wake, Daudi Tonje: aliweka kanuni za muda wa kuhudumu na umri wa kustaafu, na hadi leo wanajeshi huziita kwa jina lake.

Na Fildi Marshali, cheo kilicho juu ya Jenerali, je? Jeshi la Kenya halina. Dedan Kimathi, ambaye sanamu yake iko makutano ya barabara za Kimathi na Mama Ngina, alikuwa na cheo hicho msituni, katika vita vya Mau Mau. Jirani yetu Idi Amin alijivika mwenyewe.

Cheo kikifuata kiti, kiti kikibaki wazi cheo nacho hakina mtu. Jenerali Francis Ogolla alipofariki katika ajali ya helikopta tarehe 18 Aprili 2024, naibu wake Charles Kahariri, mwanamaji, alikuwa bado Luteni Jenerali. Kenya ilikaa takriban wiki mbili bila Jenerali kamili aliye kazini, hadi Kahariri alipopandishwa mwanzoni mwa Mei.